Lebo kama Lakabu: Uhakiki wa Modeli za Kisemantiki za Kushirikisha Lebo za Kijamii kwa Mifano ya Kiswahili cha Machimbo ya Shinyanga na Geita

Ikisiri

Tangu katikati ya miaka ya 2000 zimependekezwa modeli za kisemantiki zinazokusudia kuziwezesha tovuti mbalimbali kushirikiana lebo zinazowekwa na watumiaji wake. Makala haya yanahakiki modeli tatu kati ya hizo, yaani ile ya Gruber, SCOT na MOAT, pamoja na mfumo wa SKOS unaotumika kuunganisha istilahi. Kipimo chake ni msamiati wa uchimbaji wa dhahabu na almasi katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni kwamba lebo ya Kiswahili hufanya kazi kama lakabu zaidi kuliko kama jina la dhana: maana yake haitengani na aliyeita, mahali alipoitia na wakati wake. Modeli inayosafirisha neno na kumwacha msemaji nyuma haishirikishi maana, bali huibadilisha, na mara nyingi huibadilisha kwa faida ya mwenye istilahi rasmi. Makala yanamalizia kwa kupendekeza masharti manne ambayo modeli inayokifaa Kiswahili inapaswa kuyatimiza.

1.0 Utangulizi

Mtu anapoweka picha kwenye tovuti na kuiandikia maneno mawili matatu ili wengine waipate, anafanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza anaiweka picha katika fungu fulani, pili, anaiita. Jambo la kwanza ni la uainishaji, na wataalamu wa kompyuta wamelishughulikia kwa kina. La pili ni tendo la lugha, na ndilo linalotushughulisha hapa.

Tovuti ya Delicious ya kuhifadhi viungo, iliyoanza mwaka 2003, na ile ya picha ya Flickr, iliyoanza mwaka 2004, zilieneza desturi ya kumwachia mtumiaji achague lebo yoyote aitakayo. Mwaka huohuo wa 2004 Thomas Vander Wal aliupa uainishaji wa namna hiyo jina la Kiingereza linalounganisha neno la "watu" na neno la "taksonomia"; katika makala haya tutauita uainishaji-umma. Nguvu yake ni kwamba hauhitaji mkutubi wala orodha iliyopitishwa na kamati. Udhaifu wake ni kwamba lebo za tovuti moja hazizijui za tovuti nyingine. Kwa upande mwingine, Berners-Lee, Hendler na Lassila (2001) walikuwa wamekwisha kutoa wazo la wavuti ya kisemantiki, yaani wavuti ambayo data zake zimeandikwa kwa namna inayoiwezesha mashine kufuata uhusiano wa maana badala ya mfuatano wa herufi tu. Modeli tunazozihakiki zimezaliwa pale mawazo haya mawili yalipokutana.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una dhana mbili zinazotusaidia kuzisoma modeli hizo. Majazi ni jina ambalo mtunzi humpa mhusika likawiana na tabia au hali yake. Ukilijua jina, umekwisha kuijua sehemu ya maana. Lakabu ni jina ambalo mtu hujipa au hupewa na wengine kwa sababu ya sifa, tukio au uhusiano fulani. Lakabu haieleweki bila kujua ni nani aliyeita na kwa nini. Mtu mmoja anaweza kuwa na lakabu tatu katika vijiwe vitatu, na kila moja ikawa ya kweli pale inapotumika tu. Modeli nyingi za kisemantiki huichukulia lebo kana kwamba ni majazi: jina ambalo limebeba maana yake ndani yake na linaweza kuhamishwa popote. Makala haya yanadai kwamba lebo ni lakabu.

Mifano imetolewa katika ukanda unaoanzia Songwa, kata ya Wilaya ya Kishapu iliyo katika ujirani wa machimbo ya almasi ya Mwadui, hadi maeneo ya dhahabu ya Kahama na Geita. Ukanda huu unafaa kwa sababu una tabaka kadhaa za lugha juu ya kazi moja: Kisukuma cha wenyeji, Kiswahili cha wachimbaji wadogo waliotoka pande nyingi, Kiswahili cha sheria na ofisi, na Kiingereza cha kampuni kubwa. Maneno yanayojadiliwa ni yale yanayotumika hadharani katika habari, matangazo na mazungumzo ya kazi; hayakukusanywa kama sampuli ya kitakwimu.

2.0 Modeli Tatu na Dhana Zake za Lebo

Gruber (2007) anapendekeza kwamba kitengo cha kushirikishwa kisiwe lebo peke yake bali tendo la kuweka lebo. Tendo hilo lina viungo vinne: kitu kilichowekewa lebo, lebo yenyewe, aliyeiweka, na chanzo, yaani tovuti ambamo tendo lilifanyika. Anaongeza kiungo cha tano cha kuonesha kama mtu anaikubali au anaikataa lebo iliyowekwa. Kwa mwanaisimu, hii ni hatua kubwa: Gruber anatambua kwamba lebo ina msemaji na ina mahali. Hata hivyo, msemaji wake ni akaunti na mahali pake ni anwani ya tovuti. Hatuambiwi kama mwenye akaunti ni mchimbaji, mnunuzi wa dhahabu au ofisa wa madini, ilhali tofauti hiyo ndiyo inayoamua maana.

SCOT, iliyoelezwa na Kim na wenzake (2008), inaangalia lebo kwa wingi wake. Inaeleza ni lebo zipi huandamana, mara ngapi, na zipi zinahusiana kwa tahajia, kwa umoja na wingi au kwa usawe. Lengo ni kwamba mtu aweze kuhama na fungu lake la lebo kutoka tovuti moja hadi nyingine. Modeli hii ina manufaa pale ambapo tatizo ni uandishi tu. Pale ambapo wingi wa neno unabeba maana ambayo umoja hauna, haitoshi.

MOAT ya Passant na Laublet (2008) inakwenda mbali zaidi. Inaongeza kiungo cha maana katika tendo la kuweka lebo: mtumiaji anapoandika neno, anaoneshwa maana zinazojulikana za neno hilo, kila moja ikiwa na kitambulishi chake katika wavuti, naye anachagua moja. Modeli hii inatofautisha maana zote ambazo lebo inaweza kuwa nazo katika mfumo na maana moja iliyokusudiwa katika tendo fulani. Kati ya modeli tatu, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na semantiki kama tuijuavyo. Udhaifu wake hauko katika umbo lake bali katika ghala linalotolewa vitambulishi. Ghala la kawaida limekuwa DBpedia, ambalo huchota maarifa yake katika Wikipedia, na kwa sehemu kubwa katika Wikipedia ya Kiingereza. Neno lisilo na makala huko halina kitambulishi. Mtumiaji wa Kiswahili anabaki na njia mbili: aache lebo yake bila maana, au achague maana ya jirani.

3.0 Umoja, Wingi na Mahali

Kiswahili hubadilisha nomino mwanzoni mwa neno. Mbinu rahisi ya kukata miisho ili kupata shina, ambayo imeenea katika programu zilizotungwa kwa ajili ya Kiingereza, haifiki popote. "Mwalo" na "mialo" hupishana mwanzoni, si mwishoni. Kuziunganisha kunahitaji kujua ngeli, na hilo linawezekana; uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta ni kazi iliyokwisha kufanywa. Ugumu unaobaki ni wa maana.

Chukua "jiwe" na "mawe". Kisarufi ni umoja na wingi wa ngeli moja, na modeli kama SCOT ingeziunganisha bila kusita. Katika machimbo ya vito, jiwe ni kito kimoja kinachohesabiwa, kupimwa na kuuzwa peke yake. Katika machimbo ya dhahabu, mawe ni miamba iliyobeba dhahabu, hujazwa kwenye mifuko na kupelekwa kwenye karasha kusagwa. Hapo neno hufanya kazi kama nomino ya wingi usiohesabika. Mchimbaji wa dhahabu hana haja ya umoja wake. Anayeunganisha lebo ya "jiwe" kutoka upande wa Mwadui na lebo ya "mawe" kutoka Geita kwa kigezo cha umoja na wingi amechanganya biashara mbili zisizofanana bei, vipimo wala wanunuzi.

Kiambishi cha mahali nacho hakistahili kufutwa. "Mgodini" na "machimboni" ni lebo zinazotokea sana. Zikirudishwa kwenye "mgodi" na "machimbo", lebo inayobaki inasema kitu kinachoonekana katika picha, na kilichopotea ni kwamba aliyeiweka alikuwa akisema yuko wapi. Mtu anayeandika "mgodini" anazungumza kutoka ndani. Anayeandika "mgodi" anaweza kuwa ameuona kutoka kwenye ndege.

Kuna pia suala la tahajia ambalo limeonekana dogo kuliko lilivyo. Katika mitandao mingi ya kijamii, lebo inayoanza kwa alama ya reli hukatika inapokutana na alama ya uakifishi. Kwa hiyo lebo ya Nyang'hwale, wilaya ya Mkoa wa Geita, huishia kwenye "Nyang", na lebo ya "ng'ombe" huishia kwenye "ng". Waandishi wamejifunza kuiacha alama hiyo ya king'ong'o, na matokeo yake ni neno ambalo kwa kanuni za othografia yetu linasomwa kwa sauti nyingine. Kiswahili kinatofautisha "ng'oa" na "ngoa", na Kisukuma, ambacho kina majina mengi ya mahali yenye sauti hiyo, kinaumia zaidi. Kabla modeli haijaulizwa kuhusu maana, tovuti imekwisha kuamua kwamba sauti moja ya lugha hizi si herufi.

4.0 Mahali Pamoja, Majina Mengi. Jina Moja, Mahali Pengi

Ingedhaniwa kwamba majina ya mahali ndiyo lebo nyepesi kuliko zote. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala fupi za kata nyingi za Tanzania, na Wikidata, iliyoanza mwaka 2012, hukipa kila kitu namba isiyotegemea lugha. Kwa njia hiyo Songwa ya Kishapu hutenganishwa na Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Utenganisho huo ni wa lazima. Majina hayo yanapishana kwa irabu moja tu; Songwe nayo ina machimbo ya dhahabu; na kosa la kidole kimoja linaweza kuhamisha taarifa ya machimbo kutoka kaskazini hadi kusini magharibi mwa nchi. Programu inayosahihisha tahajia kwa kufuata neno lililozoeleka zaidi itaelekea kuigeuza Songwa kuwa Songwe, kwa sababu mkoa huandikwa mara nyingi kuliko kata.

Nyarugusu inaonesha upande wa pili. Katika Mkoa wa Geita, Nyarugusu ni eneo la siku nyingi la wachimbaji wa dhahabu. Katika Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma, Nyarugusu ni kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996, ambayo imewapokea watu kutoka Kongo na baadaye Burundi. Lebo moja hubeba mahali pawili, na kwa kuwa kambi huandikwa sana na mashirika ya kimataifa, ndiyo inayotangulia. Hapa namba za Wikidata zinafanya kazi njema, na hakuna sababu ya mhakiki kuzikataa.

Namba hizo hazitoshi pale wakati unapoingia. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha maeneo yaliyokuwa chini ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Wilaya ya Bukombe ilikuwa Shinyanga. Geita yenyewe ilikuwa wilaya ya Mwanza. Chato ilikuwa Kagera. Picha ya machimbo ya Bukombe iliyowekewa lebo ya "Shinyanga" mwaka 2008 ilikuwa na lebo sahihi. Modeli inayoisahihisha iwe "Geita" kwa sababu ndivyo ramani ya leo inavyosema imeandika upya tendo la mtu aliyekuwa akisema kweli. Modeli ya Gruber ina aliyeweka na chanzo, lakini haikuupa wakati kiungo chake miongoni mwa viungo vya msingi. Katika nchi ambayo mipaka ya wilaya na mikoa hubadilika mara kwa mara, wakati ni sehemu ya maana ya jina.

5.0 Neno Moja, Kazi Mbili

Kando ya Ziwa Viktoria, mwalo ni mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga na samaki kupokelewa. Katika machimbo ya dhahabu ya ukanda huohuo, mwalo ni mahali ambapo mawe yaliyosagwa huoshwa kwa maji ili dhahabu ikamatwe. Maana hizi mbili zinatumika katika mkoa mmoja, pengine na familia moja yenye ndugu mmoja ziwani na mwingine machimboni. Lebo ya "mialo" juu ya taarifa ya Geita haiwezi kufasiriwa kwa kuangalia mahali, kwa sababu mahali ni pamoja. Haiwezi kufasiriwa pia kwa lebo zinazoandamana nayo pasipo hadhari, kwa sababu maji, vyombo na wanunuzi viko pande zote mbili. Inafasiriwa kwa kujua kazi ya aliyeiandika.

"Marudio" ni hivyohivyo. Kwa mpenzi wa kandanda ni mchezo unaorudiwa. Kwa mchimbaji ni masalia ya mchanga uliokwisha kuoshwa, ambayo bado yana dhahabu kidogo na huuzwa ili yachenjuliwe tena. Kwa mchimbaji neno hili lina fikra nzima ya uchumi ndani yake: kilichotupwa na mmoja ni mali ya mwingine. Istilahi ya kitaalamu inayoyaita "mabaki" inaeleza kitu kilekile kwa mtazamo wa aliyemaliza kazi. Kusema kwamba marudio ni sawasawa na mabaki ni kuchagua upande.

Mfano wa tatu una uzito wa aina nyingine. Katika nchi kavu ya Shinyanga, bwawa na lambo ni maneno ya uhai: hapo ndipo watu na mifugo hupata maji wakati wa kiangazi. Katika mgodi, bwawa ni pia mahali pa kuhifadhia tope linalobaki baada ya madini kutenganishwa. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka, na tope likaenea kwenye makazi na mashamba ya vijiji vya Ng'wanholo na Nyenze. Katika ramani ya OpenStreetMap, ambayo lebo zake hutolewa na watu wa kujitolea na zimetungwa kwa Kiingereza, kuna lebo moja kwa hifadhi ya maji na nyingine kwa hifadhi ya tope la mgodi. Kiswahili cha kawaida huziita zote bwawa. Modeli inayounganisha "bwawa" la tovuti moja na "bwawa" la nyingine kwa kufanana kwa neno inaweza kumwonesha mfugaji tope mahali anapotafuta maji. Hapa kutenganisha maana si anasa ya wanaisimu.

6.0 Mchanga na Makinikia: Mtego wa Usawa

Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia usafirishaji nje wa shehena za mbale zilizokusanywa katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ili zikayeyushwe ng'ambo. Kontena 277 zilikuwa zimezuiliwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya kwanza, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliwasilisha taarifa yake Mei. Ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, ikawasilisha Juni. Katika miezi hiyo taifa zima lilijifunza neno. Mwanzoni watu walisema "mchanga wa dhahabu" au "mchanga" tu. Baadaye neno "makinikia" likashika katika magazeti, bungeni na mitaani. Maneno yote mawili yaliendelea kuishi pamoja kama lebo.

SKOS, iliyopitishwa na W3C kuwa pendekezo rasmi mwaka 2009, ina njia kadhaa za kuunganisha istilahi za mifumo tofauti. Mbili zinatuhusu: uhusiano wa usawa kamili na uhusiano wa ukaribu. Tofauti yao ni ya kimantiki. Usawa kamili huambukiza: kama A ni sawa na B, na B ni sawa na C, basi A ni sawa na C. Ukaribu hauambukizi. Sasa tuchukue tovuti tatu. Ya kwanza ina picha ya kontena yenye lebo "mchanga". Ya pili ina taarifa yenye lebo "makinikia". Ya tatu inauza vifaa vya ujenzi na ina lebo "mchanga" juu ya lori. Aliyeziunganisha mbili za kwanza kwa usawa kamili alikuwa na sababu, kwa kuwa zinahusu kitu kimoja. Aliyeunganisha ya kwanza na ya tatu aliongozwa na neno lenyewe. Mashine itahitimisha kwamba makinikia ni mchanga wa kujengea.

Msomaji atasema kwamba MOAT inaondoa mtego huu: mtumiaji wa tovuti ya kwanza angechagua maana ya makinikia, na wa tatu maana ya mchanga wa ujenzi. Ni kweli, na kwa upatikanaji wa habari hilo linatosha. Lakini kuna kinachobaki nje. Mwaka 2017 aliyeandika "mchanga" hakuwa mtu aliyekosa istilahi sahihi. Neno hilo lilikuwa hoja. Lilisema kwamba kitu kinachoonekana duni, kinachopita barabarani mbele ya macho ya watu, ndicho kilichobeba mali. "Makinikia" lilikuwa neno la kamati na mkataba. Lilileta usahihi, na likauondoa mshangao. Modeli inayotunza dhana na kuliacha neno lililoiita itamwezesha mtafiti wa kesho kupata taarifa zote za makinikia, lakini haitamwezesha kujua kwamba kulikuwa na mabishano kuhusu namna ya kuliita jambo hilo. Kwa mwanahistoria wa lugha, mabishano hayo ndiyo data.

7.0 Duara na Leseni: Nani Anabaki katika Data

Katika hisabati, duara ni umbo. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, duara ni shimo linalochimbwa kufuata dhahabu, lenye mwenyewe anayegharamia kuni, mbao, chakula na kazi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haimjui kwa jina hilo. Inamjua mwenye leseni ndogo ya uchimbaji. Ndani ya eneo la leseni moja kunaweza kuwa na maduara mengi. Mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugawana mifuko ya mawe kwa makubaliano yao. Hao ni watu watatu wenye haki tatu tofauti.

Lebo ya "duara" inapopelekwa kwenye tovuti nyingine na kupewa kitambulishi, kitakachopatikana kwa urahisi ni umbo la jiometri au "mgodi". La kwanza ni kichekesho na litagunduliwa. La pili ni la hatari zaidi kwa sababu linaonekana sahihi. Duara likigeuzwa mgodi, basi ama maduara kumi yatahesabiwa kuwa migodi kumi, au mgodi mmoja utawafunika wenye maduara kumi. Linapoporomoka na watu kuumia, swali la kwanza ni nani mwenye wajibu. Data iliyoandikwa "mgodi" imekwisha kujibu kabla ya swali kuulizwa, na jibu lake linamtaja mwenye leseni peke yake na kumfuta mwenye duara, katika wajibu na vilevile katika haki. Uhusiano sahihi hapa si usawa wala ukaribu, bali sehemu na kizima: duara liko ndani ya eneo la leseni. Modeli zinao uhusiano huo. Kinachokosekana ni mtu anayelijua duara kuwapo mezani wakati wa kuunganisha.

Hoja kwamba msemaji asafiri pamoja na lebo inakutana hapa na pingamizi lisilopaswa kupuuzwa. Mchimbaji asiye na leseni akiandika "duara letu", na jina lake, mahali na tarehe vikasambazwa katika kila tovuti, modeli imemgeuza shahidi dhidi yake mwenyewe. Kumtambua msemaji na kumfichua ni mambo mawili. Maana ya lebo haihitaji jina lake wala namba yake. Inahitaji nafasi yake katika kazi: mchimbaji, mwenye karasha, mnunuzi, ofisa, mvuvi, jirani. Lakabu nayo hufanya hivyo: hutuambia uhusiano wa aliyeita na aliyeitwa bila kutupa cheti cha kuzaliwa cha yeyote.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Inaweza kudaiwa kwamba uhakiki huu umechelewa, kwa kuwa programu za leo hufasiri maneno kwa takwimu za muktadha bila kuhitaji modeli zilizochorwa na binadamu. Dai hilo lingekuwa na nguvu kama maandishi ya wachimbaji yangekuwa mengi. Takwimu hufuata wingi, na katika maandishi ya Kiswahili yaliyopo duara litakuwa umbo, marudio yatakuwa mchezo na mwalo utakuwa wa samaki. Maana ya wachache huhitaji kuandikwa waziwazi ili isimezwe.

Tunapendekeza masharti manne. Kwanza, kitengo cha kushirikishwa kiwe tendo la kuita, kama alivyoona Gruber, lakini likiongezewa wakati na nafasi ya msemaji katika kazi, pasipo utambulisho wake binafsi. Pili, uunganishaji wa lebo za Kiswahili uanze na ukaribu. Usawa kamili utumike pale tu ambapo watumiaji wa pande zote mbili za istilahi wameukubali. Tatu, mofolojia iunganishe bila kufuta: umoja, wingi na kiambishi cha mahali vipatikane kwa pamoja, lakini kila lebo ibaki kama ilivyoandikwa, pamoja na king'ong'o chake. Nne, neno lisilo na kitambulishi liruhusiwe kubaki bila kitambulishi, na pengo hilo lionekane, kwa sababu pengo linaloonekana huwaita watafiti, ilhali pengo lililozibwa kwa neno la jirani hunyamaza.

Sharti la nne linazihusu taasisi zetu moja kwa moja. Tangu kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, na baadaye BAKITA mwaka 1967, usanifishaji umekuwa na desturi ya kuuliza neno gani lipitishwe. Kushirikishana lebo kunadai swali lingine: ni nani hulitumia neno hili, kwa ajili ya nini, na linapakana na maneno gani. Orodha ya maneno ya machimbo iliyokusanywa kwa maswali hayo huko Songwa, Maganzo, Kahama na Nyarugusu ya Geita, na kupewa vitambulishi vyake yenyewe, ingekuwa kazi ndogo kwa gharama na kubwa kwa matokeo. Ingemwezesha anayeandika "duara" kupata kitambulishi cha duara, asilazimike kuazima cha mgodi wa mtu mwingine.